Simba wa Tsavo: kitabu kitamu, hesabu mbovu

Ukimwambia mtu wa Nairobi umetoka Voi, atataja vitu viwili: SGR na simba. SGR sawa, stesheni iko hapa na tunaiona kila siku. Lakini hiyo ya simba ina mwenyewe. Ilienezwa na kitabu kimoja cha mtu mmoja, kilichochapishwa London mwaka 1907. Kinaitwa The Man-Eaters of Tsavo, na mwandishi ni J. H. Patterson. Kabla ya sinema, kabla ya TikTok, kabla ya mabango ya lodge barabarani, kulikuwa na hicho kitabu. Ni cha zamani kiasi kwamba unakipata mtandaoni bila kulipa hata shilingi, kwa hivyo usiniambie bando ndiyo shida.

Maoni yangu niyaseme mapema: ni kitabu kitamu sana, na mwandishi wake ni mtu wa kuchungwa.

Kwa wale hawajui stori: mwaka 1898 reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imeshapita Voi na kufika mto Tsavo, kama kilomita 50 mbele yetu. Patterson, mwanajeshi wa Uingereza aliyezaliwa Ireland, akaletwa mwezi wa tatu kujenga daraja. Simba wawili madume, wasio na yale manyoya marefu ya shingoni, wakaanza kuvuta wafanyakazi kutoka kwenye mahema usiku. Boma la miiba halikusaidia. Mwezi wa kumi na mbili, mamia ya vibarua walijilaza relini, wakasimamisha treni, wakapanda na kurudi zao Pwani. Kazi ikasimama karibu wiki tatu. Tarehe 9 Desemba Patterson akaua simba wa kwanza, na wa pili kabla mwaka haujaisha.

Na jamaa anajua kusimulia, tusimnyime haki yake. Kuna usiku amekaa peke yake juu ya jukwaa la miti, giza totoro, na simba anamzunguka yeye badala ya chambo aliyomwekea. Ghafla kitu kinampiga kichwani, karibu aanguke. Ni bundi. Nyanya yangu angefika hapo angefunga kitabu na kwenda kulala mlango umefungwa kwa ndani.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo mimi na Patterson tunakosana.

Kwenye kitabu anasema simba waliua Wahindi 28. Halafu anaongeza kwamba waliuawa pia Waafrika wengi, makumi kadhaa, ila hakuna rekodi rasmi iliyowekwa kuwahusu. Sentensi moja hivi, anasonga mbele. Miaka baadaye, kwenye kijitabu kilichotoka kwa jumba la makumbusho la Chicago, idadi imepanda hadi 135. Mwaka 2009 watafiti wakapima kemikali za mifupa na nywele za simba wenyewe, maana chakula cha mnyama huacha alama mwilini, wakakadiria kwamba hao wawili walikula watu kama 35. Mmoja alikula karibu theluthi mbili ya hao. Alikuwa na jino bovu lililovunjika, kwa hivyo huenda binadamu walikuwa rahisi kwake kuliko nyati.

Watu mtandaoni wakaruka: Patterson mwongo, 35 si 135! Polepole. Kuuawa na kuliwa si kitu kimoja. Simba anaweza kuua mtu akafukuzwa kabla hajala. Kwangu mimi hiyo 135 ina harufu ya kuuza stori, lakini hata hiyo siyo inayonisumbua zaidi.

Inayonisumbua ni ile 28. Kwa nini tunaijua? Kwa sababu vibarua wa Kihindi walikuja na mikataba. Walikuwa na daftari, namba, mshahara. Mtu akikosekana asubuhi, karani anajua. Mwafrika aliyechukuliwa kubeba mawe au maji hakuwa kwenye daftari kama lile, kwa hivyo akiliwa, hakuna mstari wa kukata. Ina maana 28 si idadi ya waliokufa Tsavo. Ni idadi ya waliokufa wakiwa na makaratasi. Dunia nzima imebishana zaidi ya miaka mia kama simba walikula 28 au 35 au 135, na ile sentensi ya Waafrika wasiohesabiwa inapitwa tu kama kituo ambacho treni haisimami.

Majina nayo? Kitabu kinamtaja Ungan Singh, jemadari aliyevutwa hemani. Kinamtaja Abdullah, askari aliyekuwa na afisa wa wilaya, Whitehead, usiku walipovamiwa. Sisi Wataita tumewekwa kwenye sura moja ya Waswahili na makabila mengine, tunaelezwa jinsi tulivyo. Tumeangaliwa tu.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote iko mwisho kabisa, kwenye kiambatisho ambacho wasomaji wengi hawafiki. Wafanyakazi walimpa Patterson bakuli la fedha baada ya simba kufa, na fundi mmoja anayeitwa Roshan akatunga shairi refu la kumsifu kwa Kihindustani. Lipo pale, limetafsiriwa. Sasa kumbuka kwamba sura kadhaa nyuma, waashi walipanga njama ya kumuua huyo huyo Patterson machimboni kwa sababu ya ugomvi wa malipo. Hayo yote anayaandika mwenyewe. Roshan ndiye mtu pekee kwenye kitabu anayesema zaidi ya maneno mawili kwa sauti yake, na amewekwa nyuma kama risiti.

Na kwa kipimo tu: reli yote ilileta karibu watu 32,000 kutoka India, na kama 2,500 walikufa, wengi kwa magonjwa na ajali. Kuhara damu haijawahi kufanyiwa sinema.

Sinema yenyewe, The Ghost and the Darkness ya 1996, ilipigwa Afrika Kusini, na simba wake wana manyoya ya shingoni. Yule mwindaji wa Michael Douglas hakuwahi kuwepo. Ilipata Oscar ya sauti, na ukweli sauti ni kali. Ngozi za simba wa kweli zilikaa kwa Patterson miaka 25 zikiwa zulia, kisha mwaka 1924 akaziuzia makumbusho ya Chicago kwa dola 5,000. Bado wako huko, wamejazwa, na wamesimama kama wazima.

Umbea kidogo kabla sijasahau. Patterson alirudi kuwa mkuu wa wanyamapori hapa. Mwaka 1908 akaenda safari na mzungu mmoja, Audley Blyth, na mke wake. Blyth akafa kwa risasi kambini, safari ikaendelea, na maneno yakafika hadi bungeni Uingereza. Patterson akaandika kitabu kingine mwaka 1909, In the Grip of the Nyika, na hapo ndani ndiye msimulizi pekee. Wengi wanaamini Hemingway alichukua hadithi yake ya Macomber kutoka kwa kisa hicho. Mtu akishakuwa msimulizi pekee mara mbili, mimi naanza kusoma nikiwa nimekunja uso.

Kwetu hatukosi kuandikwa. Daphne Sheldrick aliandika kumbukumbu zake mwaka 2012, na ndovu Eleanor wa hapa Tsavo anajulikana hadi Ulaya. William Boyd alileta vita vya Taveta kwenye riwaya yake An Ice-Cream War mwaka 1982, ikaingia kwenye orodha ya mwisho ya Booker. Vyote nimevifurahia. Lakini nikivipanga pamoja, bado msemaji ni mgeni au mkuu wa mbuga.

Mimi nataka kitabu cha wale waliojilaza relini. Nani alilala wa kwanza? Walikubaliana kwa lugha gani? Waliposhuka Mombasa walisema nini kwao? Na wale waliobaki Tsavo kwa sababu kwao kulikuwa hapo hapo milimani, na treni haingewapeleka popote?

Kama kwenu kuna mzee ambaye babu yake alifanya kazi kwenye reli, Ndii, Manyani, Tsavo, popote, mrekodi wiki hii na unitumie sauti. Kitaita, Kikamba, Kihindi, sijali, tutatafuta wa kutafsiri. Jina kamili na kijiji, tafadhali. Usiniandikie "babu fulani".