Anga la Nani? Karne Mbili na Nusu za Vifaa vya Kufundishia Nyota

Mei 1774, katika jimbo la Friesland kaskazini mwa Uholanzi, watu waliingiwa na hofu ya kiyama. Kilikuwa kimeenea kijitabu kinachodai kwamba Mwezi na sayari kadhaa zikikusanyika upande mmoja wa anga, dunia itang'oka katika njia yake. Siku ikapita, dunia ikabaki palepale. Eise Eisinga, mchambua sufu wa mji wa Franeker, aliona dawa ya hofu hiyo ni watu kujionea jinsi sayari zinavyokwenda. Akageuza dari ya sebule yake kuwa mtambo wa magurudumu ya mbao yenye misumari badala ya meno, ukiendeshwa na saa ya timazi, na kila sayari ikilizunguka jua kwa kasi yake halisi. Zohali huchukua zaidi ya miaka 29 kumaliza mzunguko mmoja darini. Kazi ilikamilika 1781. Mtambo huo unafanya kazi hadi leo, na mwaka 2023 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Kwa mwalimu wa shule, hata hivyo, sebule ya Eisinga haikuwa na msaada mkubwa. Haihamishiki. Mitambo midogo ya shaba iliyokuwa ikiuzwa London karne hiyohiyo ilihamishika, lakini bei yake ilikuwa ya mabwana wakubwa.

Mwaka 1824 wachapishaji wa London walitoa kisanduku cha kadi 32 kilichoitwa Urania's Mirror. Kila kadi ina picha ya kundinyota, na mahali pa nyota kubwa pametobolewa. Mtoto akiinua kadi mbele ya taa, mwanga unapenya na nyota zinawaka zikiwa mahali pake. Wazo ni rahisi, na hadi sasa mwalimu yeyote mwenye boksi la karatasi ngumu, msumari na tochi anaweza kuliiga. Tatizo lilitajwa kwenye jalada lenyewe: kadi zilionyesha makundinyota yanayoonekana kutoka Uingereza.

Kasoro hiyo imeandama vifaa vingi vilivyofuata. Oktoba 1923, Walther Bauersfeld wa kampuni ya Zeiss alionyesha mjini München mashine iliyorusha nyota kwenye kuba la jengo, na hapo ndipo ilipoanza sayaria ya kisasa. Umati ulistaajabu, na ulikuwa na haki ya kustaajabu. Lakini mashine hiyo ya kwanza iliweza kuonyesha anga la München tu. Ilibidi itengenezwe ya pili ndipo mtazamaji aweze kupelekwa hadi kusini mwa ikweta. Tena ilikuwa ghali mno kwa shule.

Aliyeishusha bei alikuwa Mmarekani Armand Spitz. Mwaka 1947 alianza kuuza projekta ndogo ya dola 500. Ujanja wake ulikuwa kuachana na tufe la mviringo, ambalo ni gumu kulitoboa kwa usahihi, na kutumia umbo la pande 12 zilizo bapa. Miaka kumi baadaye Wasovieti walirusha Sputnik, Marekani ikashtuka, na sheria ya elimu ya 1958 ikamwaga fedha za serikali kwenye masomo ya sayansi. Makuba ya nyota yakachipuka katika shule za Marekani, na siasa ikafanya kilichowashinda walimu kwa kuomba.

Je, vifaa hivyo vilifundisha? Mwaka 1987 Matthew Schneps na Philip Sadler walitoa filamu fupi, A Private Universe. Siku ya mahafali ya Chuo Kikuu cha Harvard, wahitimu, wahadhiri na wahitimu wa zamani 23 waliulizwa mambo kama sababu ya majira ya mwaka na ya sura za Mwezi. 21 walikosea. Wengi walisema kwa kujiamini kwamba joto huja dunia inapolikaribia jua. Ukweli ni kwamba dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, wakati Harvard inatetemeka kwa baridi. Michoro ya vitabu, inayoivuta njia ya dunia hadi ionekane kama yai, haiwezi kukwepa lawama.

Tangu hapo watengenezaji wameanza kuuliza mwanafunzi anaamini nini kabla ya kumpa kifaa. Mwaka 2005 George Miley wa Leiden alianzisha mradi wa astronomia wa UNAWE kwa watoto wa miaka 4 hadi 10. Mwaka wa Kimataifa wa Astronomia, 2009, ulileta Galileoscope, darubini ya plastiki ambayo mwanafunzi anaiunga mwenyewe. Lenzi yake ya milimita 50 inatosha kuonyesha miezi minne ya Mshtarii. Darubini, hata hivyo, humhitaji mtu anayejua kuielekeza. Ikifika bila mafunzo huishia kabatini, katika ofisi ya mwalimu mkuu.

Mtandao wa mafunzo ya walimu uitwao NASE, ulioanzishwa na Rosa Maria Ros wa Barcelona, ulichagua njia nyingine, na huenda ndiyo inayotufaa zaidi Afrika Mashariki. Chukua tufe la dunia, ling'oe kwenye stendi yake, liweke juani. Lizungushe hadi mji wako uwe juu kabisa na mhimili uelekee kaskazini na kusini. Sasa jua linaliangazia tufe kama linavyoiangazia dunia yenyewe: pale palipo na kivuli kwenye tufe, ni usiku kweli. Jijini Dar es Salaam mhimili unakaribia kulala, ncha ya kusini ikiinuka nyuzi kama 7 tu. Mwanzoni mwa Machi na karibu na Oktoba 10, kijiti kilichosimikwa wima juu ya Dar kinapoteza kivuli adhuhuri. Hakuna stendi ya dukani, ambayo huliinamisha tufe nyuzi 23.5 daima, inayoweza kuonyesha hilo.

Mifano ya namna hiyo ni mingi. Mwezi mwandamo, ambao vitabu vya Ulaya huuchora umesimama, pwani yetu mara nyingi huonekana umelala kama dau. Jioni za Mei mwanafunzi wa Tanga anaona Msalaba wa Kusini upande mmoja na nyota saba za Dubu Mkubwa upande wa pili, wakati mwenzake wa London na wa Cape Town kila mmoja ana nusu ya utajiri huo.

Wapo walioanza kuutumia utajiri huo. Nchini Kenya, Susan Murabana na mradi wa Travelling Telescope wanapeleka shuleni darubini na kuba la kupulizwa hewa. Tanzania imemzoea Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria, ambaye kwa miaka mingi amewaelezea wananchi mambo ya anga. Septemba 1, 2016 watu kwa maelfu walifika Rujewa, wilayani Mbarali, kutazama kupatwa kwa jua ambako ukingo wake ulibaki uking'aa kuuzunguka Mwezi. Siku kama hiyo, miwani maalumu ya kutazamia jua, au kadi yenye tundu dogo la kuangushia taswira yake chini, ndivyo vifaa vyote ambavyo darasa linahitaji. Kupatwa kwa namna hiyohiyo kutapita tena Angola, Kongo, Zambia na Tanzania Mei 21, 2031.