Ufukwe wa Ziwa Nyasa na Mpaka Usioonekana

Jina la Kariakoo, katika Ilala yetu ya Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya vita: latokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, waliowatumikia Waingereza katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Wengi wapitao sokoni hapo hulijua jambo hilo. Wachache hukumbuka kwamba vita hiyo ilipiganwa pia katika Ziwa Nyasa. Mwezi Agosti, 1914, manowari ya Kiingereza, Gwendolen, iliipiga mizinga meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu ufukweni Liuli. Wajerumani waliokuwapo hawakuwa na habari kwamba vita imeanza.

Ziwa hilo la maji yasiyo na chumvi limelala katika Bonde la Ufa, urefu wake ukizidi kilomita 550, na kina chake kikifikia mita 700 hivi. Upande wa kaskazini mashariki Milima ya Livingstone huteremka majini kwa ghafla, hata mahali pa kutia mguu ni haba. Lakini Matema, chini ya milima hiyo hiyo, mchanga umejitandaza. Na kusini, Mbamba Bay, pana ghuba tulivu. Huko watu huoga, hufua, huanika dagaa, na watoto hujifunza kuogelea.

Sasa na tuutazame mpaka. Tarehe 1 Julai, 1890, Uingereza na Ujerumani zilitiliana sahihi mkataba uliopitisha mpaka kandokando ya ziwa, si katikati yake. Baada ya vita pande zote mbili zilitawaliwa na Mwingereza, na jambo likalala. Uhuru uliliamsha. Malawi imeyashika maneno ya mkataba; Tanzania, tangu 1967, imedai mpaka upite katikati ya maji. Mwaka 2012 ugomvi ulipamba moto tena, kwa sababu ya utafutaji wa mafuta.

Kwa maneno ya 1890, mtoto wa Matema hutoka katika nchi yake kabla maji hayajamfika kiunoni. Mama achotaye maji huyachota ugenini. Tena ukingo wenyewe hautulii: ziwa hujaa kwa mvua na kupungua wakati wa kiangazi, na mstari ulioandikwa Ulaya husogea pamoja nalo, leo juu ya mchanga, kesho chini yake.

Wanachuoni wetu wameisoma sana mikataba na ramani, na wamefanya vema. Lakini waliotia sahihi hawakuwauliza waogao. Ushahidi wa watu hao, wa mahali walipovua, walipovuka na walipozika wafu wao, wastahili kuandikwa upesi, maana wazee walioupokea hawatatungoja.