Toni Kabla ya Mdundo: Kuzipa Nyimbo za Kale za Bashi Muziki Mpya

Mwaka 2019, Mkutano wa Kumi wa Dunia wa Kitamil huko Chicago ulipata wimbo wake kutoka shairi la Kaniyan Pungundranar, mshairi wa enzi ya Sangam, enzi ya fasihi ya kale ya Kitamil, yapata miaka 2,000 iliyopita. Rajan Somasundaram, aliyelitia muziki, alitoa mwaka uliofuata albamu nzima ya mashairi ya enzi hiyo pamoja na okestra ya Durham, Marekani. Msanii wa Ibanda, hapa Bukavu, akiisikia albamu hiyo atatamani kuzifanyia vivyo hivyo nyimbo za kale za Bashi, watu wa Kivu Kusini. Naunga mkono tamaa hiyo, lakini njia yenyewe haitufai.

Watamil walibaki na maneno wakapoteza sauti. Hati za majani ya mitende ziliokolewa na wahariri kama U. V. Swaminatha Iyer, aliyechapisha Purananuru, mkusanyo wa mashairi ya enzi hiyo, mwaka 1894. Ala yao ya nyuzi, yazh, ilikuwa imetoweka kitambo. Swami Vipulananda alijaribu kuifufua kwa utafiti katika Yazh Nool, kitabu cha mwaka 1947. Mtunzi wa leo hana tuni ya awali ya kuiharibu. Isitoshe, Kitamil si lugha ya toni, kama Kiswahili kisivyo. Mwimbaji Zein l'Abdin wa Lamu alipoimba mashairi kwa udi alibanwa na mizani na vina. Sauti ya kila silabi aliweza kuipeleka alikotaka.

Mashi, lugha ya Bashi, ni lugha ya toni. Silabi ikipandishwa pasipo mahali pake, neno laweza kuwa jingine au likakosa maana kabisa. Anayeimba kwa lulanga, ala ya nyuzi iliyo ya ukoo mmoja na inanga ya Rwanda na Burundi, anatunga tuni na maneno kwa pamoja: tuni ni sehemu ya matini. Makanisa yalilijua tatizo hili mapema, pale maneno ya lugha zetu yalipobandikwa kwenye tuni za Ulaya na waumini wakaimba yale ambayo masikio yao yalikuwa yanayakataa. Studio ya leo, yenye kinanda cha umeme na mdundo uliopangwa tayari, inaweza kurudia kosa lile lile kwa kasi kubwa zaidi.

Kuna pia suala la msikilizaji. Mtafiti wa muziki Alan Merriam, aliyefanya utafiti kwa Bashi mwaka 1951 na 1952, alieleza jinsi wasichana wa shamba la mzungu mmoja walivyomlalamikia kwa wimbo, mbele yake, kuhusu chumvi na mafuta waliyokuwa wakipewa zamani. Waliimba jambo ambalo wasingethubutu kulisema kwa maneno ya kawaida. Ukiuhamishia wimbo huo ukumbini bila kueleza nani alikuwa anaimbiwa, umebakiza ganda. Nguvu yake yote ilikuwa katika uso wa yule bwana aliyesimama pale akisikiliza.

Kwa jirani zetu Wanyanga wa Walikale, Daniel Biebuyck na wasaidizi wake waliandika utendi wa Mwindo kutoka kinywani mwa Shekarisi Rureke mwaka 1956, kazi iliyochukua siku 12; Biebuyck na Kahombo Mateene wakauchapisha mwaka 1969 kwa Kinyanga na Kiingereza. Rureke alisimulia, akaimba, akacheza, huku wenzake wakimpigia. Jina lake limo kitabuni, na hilo ni heshima ambayo wanaorekodi mara nyingi huisahau. Lakini ngoma ile haimo kurasani, na anayetaka kuupa utendi huo muziki mpya atafika akiwa na nusu ya kazi mkononi.

Naiomba ISP-Bukavu, chuo cha ualimu kilicho hapa Ibanda, ishirikiane na Radio Maendeleo kurekodi wapigaji wa lulanga walio hai, kuandika maneno yao pamoja na alama za toni, kutaja majina yao na kuwalipa. Kanda hizo zikishapatikana, wapewe wapangaji wa muziki. Kabla ya hapo, gitaa na kinanda visubiri.