Matumizi ya mafuta ya gari

Matumizi ya mafuta ya gari (pia: ulaji wa mafuta) ni kiasi cha mafuta ambacho gari hutumia ili kwenda umbali fulani. Kiasi hicho hutegemea injini, uzito na umbo la gari, hali ya barabara na namna dereva anavyoendesha. Kwa mwenye gari, jambo hili huenda pamoja na mengine mawili: nguvu ya injini na gharama za matengenezo. Ni nadra gari moja kuwa bora katika yote matatu.

Upimaji

Japani na Afrika Mashariki watu huhesabu kilomita kwa lita moja. Katika sehemu kubwa ya Ulaya huhesabiwa lita kwa kilomita 100. Marekani na Uingereza hutumia maili kwa galoni, ila galoni ya Uingereza (lita 4.55) ni kubwa kuliko ya Marekani (lita 3.79), kwa hiyo takwimu za nchi hizo mbili hazilinganishwi moja kwa moja.

Kipimo cha kilomita kwa lita huweza kupotosha. Tuseme gari linakwenda kilomita 15,000 kwa mwaka. Likienda kilomita 10 kwa lita litatumia lita 1,500. Likienda kilomita 14 kwa lita litatumia lita 1,071 hivi. Tofauti ni lita 429. Lakini mwenye gari la kilomita 20 kwa lita akihamia la kilomita 24 ataokoa lita 125 tu, ingawa katika hali zote mbili tofauti ni kilomita nne. Faida kubwa hupatikana kwa kuachana na gari linalotumia mafuta mengi sana. Kutoka gari zuri kwenda zuri zaidi, akiba huenda isifikie hata bei iliyoongezeka.

Injini na nguvu

Sehemu kubwa ya nishati iliyomo katika petroli hupotea kama joto kupitia rejeta na ekzosi. Injini ya petroli hupoteza zaidi inapopewa kazi ndogo. Dereva anapokanyaga mafuta kidogo tu, kilango cha hewa hubaki karibu kimefungwa, na pistoni hutumia nguvu kuvuta hewa kupitia mwanya mwembamba. Ndiyo sababu injini ya lita tatu hula mafuta mengi katika foleni za mjini, mahali ambapo nguvu yake haihitajiki kabisa.

Watengenezaji wengi wamejibu tatizo hilo kwa injini ndogo yenye turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Mwaka 2012 Ford ilianza kuuza Ulaya gari la Focus lenye injini ya lita moja na silinda tatu. Injini ya aina hii huokoa mafuta ikiendeshwa kwa utulivu. Ikilazimishwa kuvuta mzigo mzito au mwendo mkali, akiba hiyo hupungua sana.

Injini ya dizeli haina shida ya kilango cha hewa, na hugandamiza hewa zaidi kuliko ya petroli. Injini ambayo Rudolf Diesel aliifanyia majaribio mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897 iligeuza takriban asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi, kiwango kikubwa kwa wakati ule. Udhaifu wake ni masizi na gesi za oksidi za nitrojeni. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Volkswagen iliweka katika magari ya dizeli takriban milioni 11 programu iliyopunguza gesi hizo wakati wa kupimwa, kisha kuziacha ziongezeke barabarani.

Njia nyingine ni gari la mseto, lenye injini ya petroli na mota ya umeme. Toyota Prius, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, hutumia injini isiyo na nguvu nyingi lakini yenye kubana mafuta. Mota huisaidia inapohitaji nguvu, hasa wakati wa kuondoka.

Gharama za matengenezo

Akiba ya mafuta huweza kumezwa na gereji. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na huharibika mapema oili isipobadilishwa kwa wakati. Nozeli za dizeli za kisasa haziwezi kuvumilia maji au uchafu ndani ya mafuta. Gari la mseto lililotumika miaka mingi huweza kuhitaji betri mpya. Injini ya zamani isiyo na turbo hutumia mafuta zaidi, lakini fundi wa kawaida huimudu.

Uendeshaji

Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 80 hadi 110 kwa saa unakaribia kuwa maradufu. Tairi zenye upepo mdogo huongeza ulaji pia. Petroli ya oktani ya juu haileti faida katika injini isiyoundwa kwa ajili yake.

Baadhi ya madereva huteremka mlima gia ikiwa nyutro wakiamini kwamba wanaokoa mafuta. Kwa magari ya kabureta hilo lilikuwa na ukweli kidogo. Katika magari ya kisasa, gia ikiwa imeingizwa na mguu ukiondolewa kwenye mafuta, kompyuta hukata mafuta kabisa. Nyutro huilazimu injini kuendelea kuyatumia ili isizimike. Pia breki hubaki peke yake kulizuia gari, hupata joto kali na huweza kushindwa.

Afrika Mashariki

Magari mengi ya binafsi huletwa yakiwa yametumika Japani. Ushuru hutegemea pia ujazo wa injini, hivyo wanunuzi wengi hupendelea injini ndogo. Katika miji ya nyanda za juu kama Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko Mombasa, na injini ndogo isiyo na turbo hupungukiwa nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, hasa ikiwa imejaza abiria.

Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari mwaka 2017 na kuongeza ushuru wa shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta. Tangu hapo mwenye gari lililoegeshwa halipi chochote, na anayeendesha sana hulipa kadiri gari lake linavyokula.