Bustani ya nyumbani katika majira ya kuchipua (Uingereza)

Bustani ya mboga na matunda madogo nchini Uingereza hupandwa zaidi kuanzia Machi hadi Mei, siku zinaporefuka na udongo kupata joto polepole. Joto hilo la udongo ni kipimo cha kuaminika kuliko kalenda: njegere huota hata kwenye nyuzi 7 hivi za Selsiasi, ilhali maharagwe huhitaji zaidi ya 10, na yakiwahishwa huozea ardhini.

Hatari kuu ni jalidi, ambayo hata kusini mwa nchi huweza kutokea hadi katikati ya Mei. Kwa hiyo nyanya na maboga huoteshwa ndani, penye mwanga, kisha miche huzoeshwa hewa ya nje kwa siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamishwa. Hatua hii yastahili subira kuliko nyingine zote.

Stroberi hustahimili baridi kwa majani na mizizi, lakini si kwa maua. Ua lililopigwa na jalidi huwa jeusi katikati wala halizai. Kwa hiyo maua hukingwa kwa kitambaa chepesi usiku, yakafunuliwa asubuhi ili nyuki wayafikie. Matunda yakianza kunenepa, mabua makavu ya ngano hutandazwa chini yake yasiguse udongo.

Rasiberi za kiangazi huzaa kwenye fimbo za mwaka uliotangulia. Anayezikata zote Februari hupoteza mavuno. Zile za majira ya kupukutika hukatwa zote bila hasara.