Paa wa Mtaa wa Koinange

Neno "paa" limebeba maana nyingi katika lugha yetu. Paa ni mnyama wa porini, mdogo wa umbo, mwenye mbio. Paa ni sehemu ya juu ya nyumba, iwakingayo wenyeji na jua na mvua. Na kupaa ni kupanda hewani kama afanyavyo ndege. Katika mwaka wa 1965 watu wachache wapenda sanaa walipanga nafasi katika jengo liitwalo Sadler House, mtaa wa Koinange, mjini Nairobi, wakaipa jina la Paa ya Paa. Walikusudia kusema kwamba paa anapaa. Mtaalamu wa sarufi angewasahihisha mara moja, kwa kuwa paa ni mnyama, na mnyama hapaswi kusemewa kwa "ya". Wenyewe hawakujali, na jina likashika.

Mtaa nao ulikuwa na hadithi yake. Zamani za ukoloni uliitwa mtaa wa Sadler, kwa kumbukumbu ya gavana mmoja wa Kiingereza. Baadaye ukapewa jina la mzee Koinange wa Mbiyu. Jengo lilibaki na jina la gavana, mtaa ukachukua jina la mzee, na ndani ya jengo hilo zikawekwa picha na sanamu zilizofanywa na watu wa Afrika ya Mashariki, ili mpita njia aingie azione. Jambo hili laonekana kuwa dogo. Ili tulipime uzito wake hatuna budi kurudi nyuma kidogo na kuuliza: kabla ya hapo, mtu wa nchi hii aliyechora au kuchonga alimwonyesha nani kazi yake?

Tuanze na wachongaji, maana wao ndio waliokuwa wengi. Masimulizi ya Ukambani yamtaja Mutisya Munge wa Wamunyu, ambaye alijifunza ufundi wa kuchonga sanamu Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akaurudisha kwao, na kutoka kwake ukaenea kwa jamaa na majirani. Kazi hiyo ilikua ikawa biashara kubwa. Familia nyingi zililishwa na patasi na tezo, na watoto wengi walilipiwa karo za shule kwa mti uliogeuzwa kuwa twiga, kifaru au paa. Mtu asiidharau biashara hiyo. Lakini mteja wake alikuwa mgeni, naye mgeni alitaka twiga yule yule aliyemwona mwenziwe amenunua. Mchongaji aliyebuni umbo jipya alijitia katika hatari ya kurudi nyumbani mikono mitupu. Aliyerudia umbo la jana alikuwa na hakika ya chakula. Hivyo mikono ikawa hodari sana, na mawazo yakapata likizo ndefu.

Kwa upande wa uchoraji mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1930 bibi mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, alianza kufundisha wanafunzi wachache katika baraza ya nyumba yake mjini Kampala. Darasa hilo la barazani ndilo lililokua likawa shule ya sanaa ya Makerere. Mwaka wa 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London. Miongoni mwa waliosoma kwake alikuwa Sam Ntiro, mtu wa Machame katika Kilimanjaro, aliyependa kuchora maisha ya Wachaga: mavuno, migomba, njia za mlimani, watu wakisaidiana kazi. Picha yake moja ya mwaka wa 1956, yenye kuonyesha wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, ilichukuliwa na jumba kuu la sanaa za kisasa mjini New York mwaka wa 1960. Hiyo ilikuwa heshima kubwa, nasi hatuna sababu ya kuionea haya. Walakini fikiri, msomaji: mzee wa Machame aliyetaka kuwaona watu wa kwao katika picha ile angepaswa kuvuka bahari.

Katika shule hiyo ya Makerere alipita pia Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka wa 1932. Kazi iliyomtangaza kwanza hakuifanya katika nyumba ya sanaa, bali kanisani, katika mji ambao siku hizo uliitwa Fort Hall na ambao sasa ni Murang'a. Kanisa hilo la Kianglikana lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Njau alipewa kuta zake, na mwishoni mwa miaka ya 1950 akazichora picha tano kubwa: kuzaliwa kwa Yesu, kubatizwa kwake, karamu ya mwisho, usiku wa Gethsemane na kusulubiwa. Yesu wa kuta zile ni Mwafrika. Nyumba ni za Ukikuyuni, na miti na vilima ni vya nchi ile ile ambayo mwumini aliikanyaga asubuhi alipokuwa akija ibadani.

Yafaa tukae kidogo hapa, kwa sababu picha hizi zafundisha jambo ambalo vitabu vya sanaa hulipita mbio. Watu waliokaa mbele ya kuta zile hawakuwa wamelipa kiingilio. Hawakuja kutazama sanaa. Walikuja kusali, na wengi wao walikuwa na msiba moyoni. Nchi ilikuwa imegawanyika, ndugu dhidi ya ndugu, na mchoraji, kijana Mchaga asiye mwenyeji wa pale, alipaswa kusema juu ya mateso mbele ya watu walioyajua mateso kuliko yeye. Kama angechora vibaya, au kwa kiburi, wangemwona mara moja. Mtalii akinunua kinyago kibovu hukichukua akaondoka nacho. Jirani hubaki na picha mbovu ukutani maisha yake yote. Kwa hiyo jirani ni mtazamaji mkali zaidi, na mimi naona kwamba Njau alipata shule yake ya pili katika kanisa lile.

Baada ya hapo hakutaka tena sanaa ikae mbali na watu. Huko kwao Marangu, katika miaka ya 1960, alianzisha nyumba ndogo ya sanaa iliyoitwa Kibo, jina la kilele cha mlima, penye migomba na mibuni. Mjini Nairobi alifanya kazi katika kituo cha utamaduni cha Chemchemi, kilichoanzishwa mwaka wa 1963 na Ezekiel Mphahlele, mwandishi wa Afrika Kusini aliyekuwa akiishi uhamishoni. Nairobi haikukosa mahali pa kuonyeshea picha siku hizo. Palikuwapo nyumba ya sanaa ya Sorsbie huko Muthaiga. Lakini Muthaiga ulikuwa mtaa wa matajiri, na mtu wa Pumwani au Kaloleni hakuwa na safari ya kumpeleka huko, isipokuwa kwenda kupika au kukata majani.

Ndipo tunapofika Koinange. Pamoja na Njau walikuwapo Jonathan Kariara, mshairi na mhariri wa vitabu. Hilary Ng'weno, mwandishi wa magazeti. James Kangwana, mtangazaji. Pheroze Nowrojee, mwanasheria. Na Terry Hirst, Mwingereza mwalimu wa sanaa ambaye baadaye alijulikana nchini kote kwa vibonzo vyake. Walikuwa watu wa asili mbalimbali na kazi mbalimbali, wala hapakuwa na tajiri mkubwa kati yao. Paa ya Paa hutajwa mara nyingi kuwa nyumba ya kwanza ya sanaa mjini humo iliyokuwa mikononi mwa Waafrika. Palionyeshwa picha na sanamu, na pamoja na hayo palisomwa mashairi, palizungumzwa, palibishaniwa.

Kanuni moja ya Njau ilijulikana na kila aliyepita pale: msanii asiige. Alikuwa akisema kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Maneno hayo yalikuwa makali, na hapana shaka yaliwaudhi baadhi ya watu, maana kila fundi hujifunza kwa kumwiga mkubwa wake. Mtoto wa mhunzi hupuliza mivukuto kama alivyoona baba akipuliza. Lakini tukikumbuka twiga elfu wa barabarani, wote shingo moja, twaelewa maneno yale yalimlenga nani. Yalimlenga mtu aliyekwisha jifunza, ambaye mikono yake ilikuwa tayari, na ambaye hakuthubutu.

Kuthubutu kwataka mahali, na mahali kwataka fedha. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa maembe na vitenge yawezekana ni kweli. Kwa picha si kweli hata kidogo. Picha iliyo nzuri, ikiwa imeegemezwa nyuma ya kabati katika chumba cha kupanga, haijiuzi kamwe. Yahitaji ukuta ulio mtupu, mwanga usioipofusha, jina na bei iliyoandikwa chini yake, na mtu wa kukaa mlangoni kutwa nzima hata siku ambazo hapiti mtu. Mwenye nyumba ya sanaa kwa kawaida hupata riziki kwa kukata sehemu ya bei ya picha iliyouzwa. Isipouzwa, kodi ya chumba hudaiwa vile vile. Kwa hesabu hiyo nyumba ndogo huishi karibu na ukingo siku zote. Msanii hulalamika kwamba fungu lake limepunguzwa, mwenye nyumba hulalamika kwamba halali usingizi kwa madeni, na mara nyingi wote wawili wasema kweli.

Paa ya Paa haikubaki mjini. Baadaye ilihamia Ridgeways, kando ya barabara ya Kiambu, penye uwanja na miti, na hapo Njau aliiendesha pamoja na mkewe Phillda. Wasanii walifika kufanya kazi na si kuonyesha tu. Kisha, mwaka wa 1997, moto ukaiteketeza. Picha ziliungua, sanamu ziliungua, vitabu na kumbukumbu za miaka thelathini na zaidi ziliungua pamoja nazo.

Katika historia ya vita au ya siasa, hati ikiungua hapa huenda nakala yake ikapatikana London au katika hifadhi ya taifa. Picha ya rangi haina nakala. Na nyumba ndogo ya wenyeji, kwa kuwa ni ndogo na ni ya wenyeji, aghalabu ndiyo yenye kuweka vitu ambavyo hapana mtu mwingine aliyejali kuviweka: jaribio la kwanza la kijana ambaye baadaye alisifiwa, karatasi ya mwaliko, orodha ya waliohudhuria. Wenye nyumba walijenga upya wakaendelea. Majivu hayakuweza kurudishwa kuwa picha, na kila aandikaye habari za sanaa ya Kenya ya miaka ya 1960 hukutana na moto ule katikati ya kazi yake.

Wakati huo nyumba nyingine zilikuwa zimekwisha simama. Gallery Watatu, iliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na wasanii watatu, ndiyo iliyopata wanunuzi wengi wa nje, hasa chini ya Ruth Schaffner, hata alipofariki mwaka wa 1996. Huko ndiko lilikovuma jina la Sane Wadu, na habari zake zastahili kusimuliwa. Alizaliwa mwaka wa 1954, akawa mwalimu wa shule. Kisha akaiacha kazi yenye mshahara ili achore. Majirani walimtazama, wakamwonea huruma, wakasema amerukwa na akili. Naye hakugombana na mtu. Alijibadili jina tu, akajiita Sane, neno la Kiingereza lenye maana ya mtu mwenye akili timamu. Tangu siku hiyo kila aliyemsema alilazimika kumshuhudia kwa kinywa chake mwenyewe.

Wadu hakukimbilia mjini akawaacha waliomcheka. Alikuwa mmoja wa walioanzisha chama cha wasanii cha Ngecha, karibu na Limuru, mwaka wa 1995. Ngecha ni kijiji cha wakulima, na kwa miaka kadhaa kilitoa wachoraji wengi. Si mbali na hapo, Banana, mchoraji Shine Tani, ambaye hakufundishwa uchoraji shuleni, aliwakusanya wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kutokana na mkusanyiko huo ikaota nyumba ya sanaa ya Banana Hill. Mtu aliyetoka sokoni na kikapu cha sukuma wiki aliweza kuipita, akachungulia, na kumwuliza mchoraji swali ambalo mkosoaji wa gazeti huona haya kuliuliza: mbona huyu ng'ombe ni wa buluu?

Mwaka wa 2022 taasisi mpya ya sanaa ya kisasa mjini Nairobi, iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, ilichagua onyesho la kulifungulia milango yake. Kuta zote zilipewa kazi za mtu mmoja, za miongo kadhaa, zilizokusanywa pamoja. Mtu huyo alikuwa Sane Wadu, yule mwalimu aliyedhaniwa amerukwa na akili.