Babu na Bahari

Marehemu babu yangu, mzaa baba, alikuwa mtu wa mambo mawili: kanisa na bahari. Nyumbani kwetu Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, aliamka saa kumi alfajiri, akapiga magoti kando ya kitanda, kisha akatandika shuka zake hata usione mkunjo. Watu wa kanisani, ambako alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, walidhani nidhamu ile ni matunda ya dini. Waliomjua zamani walisema ni ya Jeshi la Wanamaji. Mwenyewe akiulizwa alicheka tu, akasema Mungu hutumia fundi amtakaye.

Ndugu msomaji, ili umwelewe mzee huyu yakupasa kwanza uujue mji aliozaliwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini mkataba ni karatasi. Majahazi yaliendelea kupita usiku, na manowari za Kiingereza, mojawapo ikiitwa London, zikatuma mashua zake kuyakamata. Waliokutwa ndani walikuwa wametolewa mbali mno, wengine pande za Nyasa, wala hapakuwa na njia ya kuwarudisha kwao. Ndipo mwaka 1875 wamisionari wa CMS walipowaanzishia makazi karibu na Mombasa, wakayaita kwa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe aliyekuja Unguja kwa ajili ya mkataba ule. Kengele iliyotundikwa hapo ndiyo iliyoupa mtaa jina la Kengeleni mpaka leo.

Bibi yake Babu alikuwa mmoja wa watoto waliotolewa katika majahazi hayo. Jina la kijiji chake hakulijua. Alichokumbuka ni giza la ndani ya chombo, kiu, na mikono ya mabaharia iliyomnyanyua. Alimsimulia mjukuu wake hadithi hiyo mara nyingi. Basi vita vilipozuka, na jeshi dogo la akiba la wanamaji wa Kenya lililoundwa mwaka 1933 lilipohitaji vijana, Babu alikwenda Kilindini kujiandikisha bila kusukumwa na mtu.

Kazi yao ilikuwa kulinda mlango wa bandari na kusafisha mabomu yaliyotegwa baharini. Mwaka 1942 kazi iliongezeka. Jumapili ya Pasaka, tarehe 5 Aprili, ndege za Wajapani ziliushambulia mji wa Colombo, na baada ya siku hizo Waingereza wakahamishia Kilindini makao ya kikosi chao cha Bahari ya Hindi. Babu alisema hakupata kuona manowari nyingi namna ile, zimejaa kama ng'ombe zizini.

Mapema Februari 1944 aliiona meli moja ya abiria, Khedive Ismail, ikiondoka Kilindini kwenda Colombo. Ilibeba wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Vijana wawili miongoni mwao walikuwa wamesoma na Babu, na mmoja alikunywa chai nyumbani kwao jioni ya kuagana. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa makombora, ikazama kwa dakika chache. Zaidi ya watu 1,200 walikufa. Mabaharia walisimulia baadaye kwamba nyambizi ilijificha chini ya watu waliokuwa wakielea, na manowari ya Kiingereza iliyokuwa ikiisindikiza meli ile ikatupa mabomu hapo hapo, kati ya watu wake yenyewe, ili kuipata.

Babu aliendelea na kazi. Alihudumu katika meli ya Rosalind, na katika Jeshi la Wanamaji la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1950, hadi lilipovunjwa mwaka 1962. Kenya huru ilipoanzisha jeshi lake la wanamaji tarehe 12 Desemba 1964, yeye alikuwa amekwisha rudi kwenye shamba lake la minazi.

Mimi niliyajua haya nusunusu. Krismasi ya 1977, nikiwa mwanafunzi Nairobi na kichwa kimejaa siasa, nilimwambia mbele ya watu kwamba alikuwa kibaraka wa mkoloni. Shangazi zangu walishika vinywa. Babu alinyamaza, akamaliza kula, akatoka nje.

Asubuhi aliniita chini ya mwembe. Akanihadithia habari za bibi yake, kisha habari za Khedive Ismail, polepole, bila kupandisha sauti. Mwisho akasema: "Mjukuu wangu, manowari ilimtoa bibi yangu kwenye jahazi. Manowari ikawaua wenzangu majini. Yote mawili ni kweli. Sasa wataka nikufiche lipi?"

Nilikosa jibu. Na kwa kiburi cha ujana, sikumwomba radhi.

Kila mwaka tarehe 12 Februari Babu alifunga. Hakugusa hata maji mpaka jua lizame, kisha aliisoma Zaburi ya 107, ile inayowataja wasafiri wa baharini na tufani, akawaombea vijana wale, na Wajapani wa ile nyambizi pia. Mwaka 1978 tarehe hiyo iliangukia Jumapili. Nilipanda garimoshi la usiku kutoka Nairobi, nikafika alfajiri, nikamkuta amekwisha amka. Hakuuliza nimefuata nini. Nilikaa naye bila kula mchana kutwa. Jua lilipozama alinipa Biblia nisome, maana macho yake yalikuwa yameanza kupungua nguvu.

Alifariki mwaka 1986. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, vingine vikiwasifu Waingereza kwa kuwaokoa watumwa, vingine vikiwalaani kwa ukoloni. Kila mwandishi ana ushahidi wake. Lakini ninapofunga kila Februari, namkumbuka mzee aliyebeba habari zote mbili bila kuitupa hata moja, akazipeleka kwa Mungu kama zilivyo.